Masafa ya Chuo: Ni Mali au Ni Amana?



Mwaka 1963 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitenga masafa ya kuanzia megahezi 2500 kwa ajili ya televisheni ya masomo. Kuanzia 1969 Chuo Kikuu cha Stanford kilirusha mihadhara ya uhandisi hadi kwenye makampuni ya jirani, mfanyakazi akasoma bila kuacha kazi.

Mwaka 1983 FCC iliwaruhusu wenye leseni kukodisha nafasi wasiyoitumia. Simu zilipohitaji intaneti ya kasi, masafa yale yakawa dhahabu. Kanuni za baadaye ziliwataka wabakize kwa elimu angalau asilimia 5 ya uwezo wake. Iliyobaki waliweza kuipangisha kwa kampuni ya simu.

Je, chuo kilichokodisha kimefanya khiyana?

Tusiharakishe kuhukumu. Shamba la wakfu wa madrasa si lazima lilimwe na wanafunzi. Msimamizi anaweza kulikodisha, na kodi yake ikanunua misahafu na kumlipa mwalimu. Kuliacha likaota magugu ndiko kungekuwa kosa. Lakini msimamizi huyo ana swali moja asiloweza kulikwepa: je, kodi inamfikia yule aliyewekewa wakfu?

Tulipime jambo la masafa kwa kipimo hicho. Chuo kilichotumia kodi kumfikishia masomo mwanafunzi wa mbali kimebadili chombo tu, kusudi limebaki. Chuo kilichoimeza kodi katika matumizi yake mengine, mwanafunzi asipate chochote, kimekula amana, hata kama mkataba wake hauna doa mbele ya sheria. Sheria huweka kiwango cha chini kabisa. Anayeogopa kuulizwa na Mola wake hatosheki nacho.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, nasi pia tumeshika masafa yetu. Nafasi uliyo nayo chuoni wameikosa wengi, na imelipiwa kwa jasho la watu ambao hawatakaa kamwe katika ukumbi wa mihadhara. Saa zako umezikodisha kwa nani? Na asilimia ngapi umewabakizia wale waliokutuma?

Wabillahi tawfiq.