Nafsi katika Barua ya Kwanza

Kijana wa Mjambere, Kisauni, anayemwandikia rafiki wa kalamu aliye ng'ambo hukabili swali la kale la falsafa: mtu ni nani? Mtaani hana haja ya kujieleza. Akiulizwa ni mtoto wa nani, jina la babake hutosha. Ukoo, madrasa au kanisa, hata tabia, muulizaji hujijazia mwenyewe, wakati mwingine kwa kumwonea. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba Mwafrika hujitambua kupitia wenzake. Kinyume chake, mwanafalsafa Descartes alianzia fikra za mtu peke yake. Barua humvuta kijana kwa Descartes: huandika umri, timu anayoshabikia, somo linalomshinda. Orodha hiyo ni finyu, ndiyo maana nyanya na wadogo zake hutajwa mapema.