Mavazi ya Harusi: Pambo au Deraya?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewateremshia wanaadamu nguo za kuwasitiri na nguo za kuwapamba, kisha akawafahamisha kwamba vazi la ucha-Mungu ndilo bora kuliko yote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa darsa walioko pwani wametutaka tuwaandikie lo lote lenye manufaa kutoka Habaswein, tulikohamia kwa kazi ya kusomesha. Mji huu uko katika nchi ya Wajir, kwenye njia itokayo Garissa, na jina lake kwa Kisomali maana yake ni vumbi kubwa. Mwenye kulisikia jina hilo hudhani kwamba hapana la kusemwa hapa juu ya mavazi mazuri. Kumbe suala tulilokutana nalo hapa ndilo lile lile linalowahangaisha watu wa Mombasa, Malindi na Lamu kila ufikapo mwezi wa harusi, nalo ni hili: mtu akialikwa harusini, avae nini, na amvalie nani?

Alasiri moja alitujia mama wa mmoja katika wanafunzi wetu, akakaa nje ya mlango, akasema: "Maalim, dada yangu anamwoza binti yake. Wasichana wote wa ukoo wameambiwa wavae dirac ya kitambaa kimoja na rangi moja, nacho kitaletwa kutoka Garissa. Mimi fedha sina. Nina mbuzi watatu waliosalia baada ya ukame, na katika hao ni mmoja tu mwenye maziwa. Nikimwuza, nitapata vazi la usiku mmoja. Nisipomwuza, binti yangu atakuwa peke yake na nguo nyingine mbele ya wenziwe, naye amekwisha kusema kwamba afadhali asiende. Niambie, Maalim, lipi hapa lenye dhambi?"

Msomaji wa pwani huenda asijue uzito wa mbuzi mmoja katika nchi hii. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na wafugaji wengi wa Wajir na Garissa walibaki na fimbo ya kuchungia bila ya cha kuchunga. Mbuzi aliyeokoka katika miaka ile si mali tu, ni chakula cha watoto.

Basi tulimjibu upesi, kama anavyojibu mtu aliyezoea kuulizwa. Tulimwambia: "Usimwuze mbuzi wako. Israfu imekatazwa, na asiyekuwa na uwezo hana lawama." Yule mama akatushukuru, akaenda zake. Mbuzi hakuuzwa, na watoto waliendelea kunywa maziwa. Na usiku wa harusi, yule binti alikaa nyumbani akisikiliza ngoma ya binti wa mama yake mdogo.

Kwa hisabu ya vitabu jawabu letu lilikuwa sawa. Walakini siku chache baadaye, tukiwa katika darsa ya Sahihi ya Bukhari, tulifika mahali ambapo Bibi Aisha (R.A.) anaonyesha kanzu yake nzito, ambayo thamani yake ilikuwa dirhamu tano, akisema kwamba mjakazi wake anaona haya kuivaa hata nyumbani. Kisha akaeleza kwamba katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa na kanzu kama ile, na hakupambwa mwanamke kwa ajili ya harusi katika Madina ila alituma mtu kwake kuiazima.

Tuliposoma hayo tulinyamaza mbele ya wanafunzi wetu, kwani tulitambua kwamba tulimjibu dhaifu tukamwacha mwenye nguvu. Tulimfundisha aliyealikwa kuvumilia, wala hatukwenda kumwuliza aliyealika. Na lau tungaliifikiri hadithi hii mapema, tungalijua la kufanya: tungalitafuta nyumba yenye dirac mbili za rangi ile, tukaomba moja iazimwe. Mji mzima wa Madina ulikuwa ukipambia maharusi wake kwa kanzu moja ya kuazima, wala historia haikutuambia kwamba kuna bibi harusi aliyedharauliwa kwa hilo.

Na liko jambo jingine katika hadithi hiyo. Neno lililotumiwa humo kwa kanzu ile ni dir'i. Wasomali huita vazi lao la harusi dirac, na herufi ile ya mwisho kwao ni ain. Na huko kwenu pwani vazi hilo mmelipokea mkaliita dera. Hatuoni ila ni neno lile lile. Na dir'i kwa Kiarabu ina maana mbili: kanzu ya mwanamke, na vazi la chuma la kupigania vita, ambalo sisi Waswahili tumeliita deraya. Basi na kila mmoja wetu ajiulize anapotoka nyumbani kwenda harusini: je, nimevaa pambo au nimevaa deraya? Maana wako wanaokwenda kumfurahia aliyeoa na aliyeolewa, na wako wanaokwenda kushindana, kushinda na kushindwa.

Hatusemi haya kwa kuchukia mapambo. Wako watu kila wakisikia neno islahi hudhani kwamba tunataka watu waende harusini na nguo za shambani. Hasha! Mwenyezi Mungu katika Suratul A'raf ametuamrisha tuchukue pambo letu kila tuendapo kusali, na akawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Na sahaba mmoja alipouliza kama ni kiburi mtu kupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo mwenye nguo nzuri na aivae. Dirac yenyewe, kitambaa chake chepesi kikivaliwa juu ya gogorad, yaani shumizi ndefu, na garbasaar ikatupwa mabegani, ni vazi la heshima na la kupendeza kwa mwanamke aliye kati ya wanawake wenziwe. Na kanzu nyeupe iliyofuliwa na kupigwa pasi, pamoja na kofia safi, hapana mwanamume anayehitaji zaidi ya hayo. Mwenye kwenda harusini kwa wenziwe na nguo chafu, ilhali anayo iliyo safi, huyo naye amemvunjia heshima aliyemwalika.

Tunalolikataa ni kulifanya vazi kuwa tikiti ya kuingilia. Na hapa tunawaomba wasomaji watazame pamoja nasi suala la sare, ambalo limeenea pwani na bara. Mwenye harusi huchagua kitambaa, au jozi ya leso, akatangaza bei, na kila jamaa na kila jirani hutakiwa anunue na kushonesha. Na pengine si sare moja: kuna ya mkesha, kuna ya nikaha, kuna ya kupamba. Wazee wa Mombasa bado wanahadithia vyama vya lelemama, jinsi kina mama walivyoshindana kwa mavazi na karamu hata wengine wakajitia katika madeni. Ngoma zile zimefifia, lakini mashindano yamehamia katika kumbi za harusi.

Watu wa Habaswein na watu wa pwani wote tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Na wanazuoni wetu wamesema kwamba kuitikia mwaliko wa walima ya harusi ni wajibu, lakini wameuwekea wajibu huo masharti. Na moja katika masharti hayo ni kwamba mwenye kualika asiwahusishe matajiri peke yao. Asili yake ni hadithi iliyopokewa kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba chakula kibaya kabisa ni chakula cha walima wanayoitiwa matajiri wakaachwa masikini. Zamani masikini aliachwa kwa kutopelekewa mjumbe. Leo mjumbe anapelekwa, kadi inapelekwa, na kila mtu anaambiwa karibu. Lakini ulimi unasema "njooni nyote", na kitambaa kinasema "waje wenye nacho". Sisi hatuoni farka kubwa baina ya kumfungia mtu mlango na kumfungulia mlango huku ukimwekea kizingiti asichoweza kukiruka.

Atasema mtu: "Sare ni mahaba tu. Inaonyesha umoja wa ukoo, inapendeza macho, wala hapana aliyelazimishwa." Tunajibu kwamba tunakubali ya kuwa nia ya wengi ni njema. Yule mama aliyeoza, tulipozungumza naye baadaye, hakuwa na khabari kabisa kwamba mpwa wake alikaa nyumbani kwa sababu ya kitambaa. Alidhani ni mgonjwa, naye alilia alipojua. Hapa ndipo penye ubaya wa jambo hili: linamwumiza mtu kimya kimya, na aliyeumizwa huona haya kusema, na aliyeumiza hajui. Ama kusema kwamba hapana aliyelazimishwa, hilo linasemwa na mwenye fedha. Msichana wa miaka kumi na saba, atakayesimama peke yake na nguo ya rangi nyingine mbele ya macho mia, hahitaji kulazimishwa kwa fimbo.

Basi mwenye kutaka umoja na autafute kwa njia isiyomtenga mtu. Na aseme: "Mwenye leso nyekundu aje nayo, na asiyekuwa nayo aje na aliyo nayo." Au mwenye harusi, ikiwa ameipenda sare, na aitoe yeye kwa wasioweza, aitoe kwa siri kabla ya kuombwa. Na asiyeweza moja katika mawili haya, basi na aiache sare, kwani wasaa wa mtu mmoja hauwi adabu kwa kuwadhiki kumi.

Wala wanaume wasidhani kwamba maneno haya ni ya wanawake peke yao. Bwana harusi anayekopa suti ya bei kubwa, kisha akaanza maisha na mkewe kwa kukimbia wanaomdai, yumo. Na sisi tunaojiita wenye ilimu tumo pia, kwani tunasimama katika mimbari tukiwalaumu kina mama kwa nguo zao, na mabegani tumetia joho la nyuzi za dhahabu ili tujulikane tulipo. Imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba mwenye kuvaa vazi la kutafuta umashuhuri duniani atavishwa vazi la unyonge siku ya Kiama. Na wanazuoni wamefahamisha kwamba umashuhuri huo hutafutwa kwa vazi la fakhari, na pia hutafutwa kwa matambara, mtu akataka asifiwe kwa zuhudi. Mizani ni moja: nguo inayokufanya uwatazame watu kwa chini, au inayowafanya watu waache kumtazama aliyeoa wakutazame wewe, hiyo si nguo ya harusi.

Tangu siku ile, kina mama wawili watatu hapa wamekubaliana kuweka katika nyumba moja dirac na garbasaar zao nzuri, ziwe za kuazimwa na msichana ye yote aliyealikwa asiyekuwa na nguo. Si chama, wala hakina daftari. Wamefuata kanzu ya Bibi Aisha tu. Nasi tungefurahi kusikia kwamba katika kila mtaa wa pwani, ambako makabati yamejaa nguo zilizovaliwa mara moja, imepatikana nyumba kama hiyo.

Ama binti wa yule mama, tulipomwomba mamaye radhi kwa jawabu letu pungufu, alitwambia: "Maalim, mbuzi amezaa. Lakini mtoto wangu hasahau." Nasi tumeyaandika haya ili wengine wasingoje kujutia walichokwisha kusema.

Mwenyezi Mungu atupambe kwa vazi la ucha-Mungu, na azitie baraka harusi zetu, na asijaalie furaha ya mmoja wetu kuwa ni machozi ya mwingine. Wabillahi taufiq.