Kumhitaji Mtu Bila Kumkubali

Kufukuza na kutenga ni mambo mawili. Anayekufukuza amekata shauri kwamba hakuhitaji tena; ukishaondoka, amemalizana nawe. Anayekutenga anakuhitaji. Anataka fedha zako, mikono yako au ujuzi wako, ila hataki ulale jirani naye wala watoto wako wacheze na wake. Ana tamaa na dharau kwa wakati mmoja, na kwa kuwa viwili hivyo havipatani, hana budi kuvijengea ukuta katikati.

Tarehe 29 Machi 1516, Seneti ya Venice iliamuru Wayahudi wa mji huo wakusanywe katika kisiwa kimoja kidogo cha mtaa wa Cannaregio. Malango yalifunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Walinzi walikuwa Wakristo, na waliolipa mishahara yao ni Wayahudi wenyewe. Mchana, maskini wa Venice waliingia humo kuweka rehani na kukopa. Hata usiku, tabibu wa Kiyahudi aliweza kuruhusiwa kutoka akiitwa na mgonjwa. Watu walipoongezeka na ardhi ikabaki ileile, nyumba zilipandishwa ghorofa juu ya ghorofa, dari zikashuka karibu na vichwa. Miji mingine ya Italia ikafuata. Mwaka 1555 Papa Paulo IV aliwafungia Wayahudi wa Roma kwenye bonde la mto Tiber, mahali palipofurika mara kwa mara, akawaachia sinagogi moja na biashara ya nguo kuukuu. Florence na Siena zilijenga mitaa yao ya kutenga mwaka 1571.

Dharau peke yake ingetaka watu hao waondoke. Tamaa peke yake ingewaacha waishi wanakopenda. Vilipokutana, viligawana saa: mchana ukawa wa tamaa, usiku ukawa wa dharau. Na ugawaji huo haukuwa wa bahati nasibu. Mchana mtu anaweza kuhesabiwa kwa kazi yake: mkopeshaji, fundi, mchuuzi. Usiku hana kazi ya kumpa mwingine. Anakula na wanawe, anasali, anaugua, anazaa, anakufa. Anayemfungia mtu usiku anamwambia kwamba nje ya faida yake hawana uhusiano wowote.

Waluyia wa Bungoma hawahitaji kufika Venice ili waelewe jambo hili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika wilaya jirani ya Trans Nzoia mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, tena tangu siku ya kwanza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia Waingereza waliotoka jeshini mashamba kuzunguka Kitale. Wasabaoti waliokuwa wakichunga mifugo katika tambarare hizo walisukumwa kuelekea Mlima Elgon. Bungoma, iliyokuwa sehemu ya North Kavirondo, ikawa riziavu, yaani ardhi iliyotengewa Waafrika. Lakini mahindi ya Kitale hayakujipalilia. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikaruhusu siku hizo zifike 270. Skwota aliruhusiwa kulala shambani kwa sababu ya kazi yake tu. Mkataba ukiisha, hata kibanda alichokijenga kwa mikono yake hakikuwa chake.

Mpaka kati ya shamba la mzungu na riziavu haukuwa na matofali. Ulikuwa kipande, karatasi ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inia shingoni. Kipande kilikuwa na alama za vidole na kumbukumbu za waajiri, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa kazi alilazimika kuwa nacho. Akimwacha mwajiri kabla ya kuandikiwa ruhusa, alikuwa mhalifu. Venice iliwajengea watu wengi malango machache; Kenya ilimvisha kila mtu lango lake.

Mwaka 1903 historia hizi mbili nusura zikutane. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alijitolea kuwapa Wayahudi uwanda wa Uasin Gishu, kusini mwa Kitale, wakati wenzao wakiuawa huko Urusi. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alilipeleka pendekezo hilo kwenye kongamano lao huko Basel. Walowezi wa Kenya walilipinga, wajumbe wakatumwa kuikagua ardhi, na mwaka 1905 kongamano likakataa. Waliotengwa Ulaya walikuwa wapewe ardhi ya watu waliokuwa karibu kutengwa Afrika, na hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamaasai. Ilionekana rahisi kumtafutia Myahudi bara jingine kuliko kumtafutia usalama mtaani pake.

Wapo watakaosema kwamba ukuta hulinda pia. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ndani ya mtaa wa Venice kulikuwa na masinagogi matano, na elimu haikufa. Wabukusu wenyewe, Waluyia wa Bungoma, waliishi katika ngome za udongo zilizozungukwa na handaki. Mwaka 1895, kwenye ngome ya Chetambe karibu na Webuye, walipambana na majeshi ya Waingereza. Lakini ngome ya Chetambe ilifungwa na waliokuwa ndani. Ukuta wa namna hiyo ni nyumba. Ukuta unaofungwa na aliye nje hauna wajibu wa kumlinda yeyote. Sheria ya mwaka 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi za riziavu ni zao milele. Dhahabu ilipopatikana Kakamega, sheria hiyo ikarekebishwa mwaka 1932 ili wachimbaji waingie. Mpaka uliomzuia Mluyia kumiliki ardhi Kitale haukumzuia mzungu kuchimba Kakamega. Huko Roma nako, malango yalikuwa yameshaondoka zamani, na mwaka 1870 Wayahudi walifanywa raia kamili. Wengi walibaki wakiishi mtaa uleule wa mababu, na humo ndimo Wanazi walimoanzia kuwakamata tarehe 16 Oktoba 1943. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa siku hiyo na kupelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16.

Wala si kweli kwamba zama zile hazikujua njia nyingine. Katika miaka ya 1590 mtawala wa Florence, Ferdinando I de' Medici, aliwaalika wafanyabiashara, Wayahudi wakiwemo, waje Livorno waishi watakapo na wamiliki nyumba. Bandari ile ilistawi bila kuwafungia Wayahudi. Babake, Cosimo, ndiye aliyewafungia Wayahudi wa Florence. Nchi ilikuwa moja na imani moja. Kilichotofautiana ni uamuzi.

Nasi je? Baada ya uhuru, mashamba ya Trans Nzoia yalinunuliwa na vyama vya ushirika, makampuni ya ardhi na watu binafsi: Wabukusu, Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo. Kipande kilikuwa kimefutwa. Hata hivyo, mwaka 1992 majirani walichomeana nyumba Trans Nzoia na Mlima Elgon, na baada ya uchaguzi wa 2007 familia zililala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Kitale. Wengi wao walikuwa wamelima, wameuza na wamelipa kodi kwa miaka. Mchana wao ulikuwa umekubaliwa siku zote. Usiku wao ndio uliochomwa.

Swali la siku hizi, "Kwenu ni wapi?", mara nyingi ni salamu njema. Lakini likiulizwa na mwenye kura, cheo au panga, ni lango la riziavu linalofungwa upya. Mkoloni alidhani kila mtu ana mahali pake pa asili na kwamba kwingine kote ni mgeni wa kazi. Tulimfukuza yeye tukabaki na ramani yake, tukaanza kuwasomea majirani zetu.

Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini Kenya. Kuishi ni pamoja na kuugua, kuzeeka na kuzikwa, mambo ambayo hayamletei jirani faida yoyote. Basi tujipime kwa hayo. Ukifurahia mahindi ya mtu, duka lake na karo anayolipa katika shule ya mtaa wako, lakini ukamtaka akazikwe "kwao", hujamkubali bado. Unamtumia tu, kama Venice ilivyowatumia watu wa Cannaregio.