Mtaji wa Kijana na Mlango wa Riba

 

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu walaumiwa kwa kukopa kwa simu. Lawama hiyo ina haki yake. Mkopo wa M-Shwari ulianza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5, na Hazina ya Hasla ilifunguliwa na Serikali Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka. Wapo waiitao ada ya huduma. Lakini ada ikuayo kwa kadiri ya pesa iliyokopwa, sisi hatuijui kwa jina jingine ila riba. Walakini amlaumuye kijana na ajiulize: alipomjia kutaka mtaji, alimjibu nini?

Imepokewa na Abu Daud kwamba mtu wa Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na bakuli. Mtume akavinadi mwenyewe, vikapata dirhamu mbili: moja ya chakula cha ahali zake, ya pili ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kukata kuni, asimwone siku kumi na tano. Mtu yule akarejea na dirhamu kumi.

Tazameni: hakumhutubia juu ya uvivu. Alimpa chombo cha kazi.

Kijana wa Mombasa naye si mvivu. Makontena yalipoamrishwa kwenda bara kwa reli mwaka 2019, madereva na wachukuzi wengi walikosa kazi. Shughuli ziliporudishwa mwaka 2022, wengine walikwisha uza walichokuwa nacho. Atakaye cherehani leo aende kwa nani? Benki yataka dhamana. Na mali imo mwetu! Twaiona arusini, ambapo thamani ya cherehani tatu huliwa usiku mmoja.

Basi na tukopeshe karadha njema, bila ziada. Iandikwe mbele ya mashahidi kama ilivyoamrishwa katika Surat al-Baqara, aya 282, wala mtu asione haya kwa kuwa mkopaji ni mwana wa nduguye. Na aliye katika dhiki apewe muhula, kama ilivyo katika aya 280. Msikiti wenye watu kumi wenye nafasi waweza kuanza Ijumaa hii, kwa daftari moja na mweka hazina mmoja aaminiwaye.