Siku Moja Bagamoyo

Hivi, mtu mwenye siku moja tu aanzie wapi Bagamoyo? Usicheke, msomaji. Mimi naliona swali hili kuwa la haki, si la ratiba. Ni kilomita kama 70 tu kutoka Dar, unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Hutaviona vyote, na kuchagua cha kuona ni kuchagua nani akumbukwe.

Wengi hukimbilia misheni, kwenye mnara wa Livingstone. Sawa. Alifariki bara Mei 1873, na Februari 1874 mwili wake ukafika hapo. Lakini haukutembea wenyewe, jamani! Ulibebwa. Susi na Chuma tunawataja. Wenzao wengi je?

Hata jina la mji lina ubishi. Wengine husema mpagazi alifika pwani, akatua mzigo, akabwaga moyo kwa raha. Wengine husema ni mtumwa aliyebwaga moyo hapo, akijua kwao harudi tena. Neno lile lile kwa mmoja ni pumziko, kwa mwingine ni msiba.

Rafiki yangu ananiambia, "Wewe unatuharibia matembezi." Hapana. Kula pweza ufukweni si dhambi, na maiti hawafufuki kwa sisi kushinda njaa. Ila mimi nitaanzia Caravan Serai, walikotua wapagazi wasio na mnara. Mwenye mnara hana haraka. Atanisubiri mpaka mchana.