Picha ya Jalada: Je, Fundi Naye Asema Uongo?

Kijiji cha Ntunduwaro, katika kata ya Ruanda wilayani Mbinga, chajulikana siku hizi kwa makaa ya mawe. Tangu mwaka 2011 makaa yamechimbwa huko Ngaka, na malori yenye shehena hushika njia ya Kitai kuelekea Songea. Sasa tuseme kwamba kijana mmoja wa huko, mwimbaji wa ule muziki wa kufokafoka uitwao hip-hop, ametunga nyimbo kumi juu ya maisha ya kwao: vumbi, bei ya kahawa, ndugu waliohama. Amwendea rafiki yake mwenye kompyuta pale Mbinga mjini amtengenezee picha ya jalada. Amwambia: "Niweke mbele ya gari jeusi la fahari, nivike mkufu wa dhahabu, na nyuma yangu iwepo nyumba ya ghorofa." Gari hana, mkufu hana, na nyumba ile ni ya mtu asiyemjua. Je, yampasa fundi kukubali?

Mtu aweza kucheka na kusema kwamba hili si swali la kuwasumbua baba na mama wa jamaa. Lakini wako wazazi wengi leo ambao watoto wao hupata riziki kwa kazi ya namna hii, na mzazi hana budi kujua mkate uliomo mezani umetoka wapi.

Jalada lenye picha si jambo la zamani sana. Santuri za kwanza ziliuzwa katika mifuko ya karatasi isiyo na pambo, mpaka Alex Steinweiss, mchoraji wa kampuni ya Columbia huko Marekani, alipoanza kuyapamba majalada karibu na mwaka 1940. Baadaye santuri kubwa zilimpa mchoraji nafasi ya mraba wa sentimita thelathini hivi. Hapa kwetu hip-hop ilienea kwa kaseti, ambayo karatasi yake haizidi kiganja cha mkono. Na leo picha hiyohiyo huonekana katika simu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Jalada limezidi kupungua, wala nguvu yake haikupungua. Kabla sikio halijasikia neno, jicho limekwisha kuambiwa huyu ni nani.

Basi, je, kuambiwa mambo yasiyokuwapo ni kudanganywa? Si kila mara. Bwana arusi huazima koti, wala hatumwiti mwongo. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye kuta zilizochorwa ndege na meli, na wasafiri walisimama mbele yake wakapigwa picha za kuwapelekea watu wa nyumbani. Ndege ile ilikuwa ya rangi tu, na kila mwenye macho aliiona kuwa ya rangi. Ilikuwa namna ya kusema, "Natamani kufika mbali." Tamaa njema iliyosemwa waziwazi haimdhulumu mtu.

Huko Houston, Marekani, ndugu wawili, Aaron na Shawn Brauch, walifungua mwaka 1992 nyumba ya kazi iliyoitwa Pen & Pixel. Mpaka ilipofungwa mwaka 2003 walikuwa wamewatengenezea waimbaji wengi wa hip-hop majalada yaliyojaa almasi, magari na majumba, hata herufi za majina ziking'aa kama vito. Watu wa heshima waliona ni upuuzi. Mimi nakiri kwamba siwezi kuwahukumu kwa ukali. Uliokithiri hivyo hujitangaza wenyewe. Ni ndugu wa ndege ya Likoni. Ninachokiogopa zaidi ni picha isiyo na mshono, ile ambayo akili mnemba huitengeneza kwa dakika moja, na hata mama mzazi wa kijana akiitazama atauliza, "Mwanangu, gari hili umelipata lini?" Hapo pambo limekwisha kuwa ushuhuda wa uongo, na mtoto wa darasa la saba anayemtazama mwimbaji huyo kama kaka yake atauamini.

Tena lina ubaya wake wa pekee kwa muziki huu. Mwaka 2001 Profesa Jay, yaani Joseph Haule, alitoa albamu yake Machozi, Jasho na Damu, na ndani yake umo wimbo Ndiyo Mzee unaomdhihaki mwanasiasa mwenye kuahidi asiyoyaweza. Watu waliupenda wimbo huo kwa sababu ulisema kweli juu ya maneno matupu. Sanaa iliyojipatia heshima kwa kuwacheka waongo haifai ijivike yenyewe mali ya kuazima.

Fundi atajibu, "Mimi nimetumwa tu." Seremala haulizwi kabati lake litatiwa nini. Ni kweli, lakini kazi yake si kama ya seremala. Yafanana zaidi na ya yule mwandishi wa barua aliyekaa nje ya posta, akiwaandikia wasiojua kusoma. Aliandika aliyoambiwa, na hakuwa na hatia kwa ugomvi wa watu. Lakini akijua kwamba barua inaomba fedha kwa ugonjwa usiokuwapo, mkono wake umeshiriki.

Hata hivyo, ukweli peke yake haumwokoi fundi. Mwaka 1991 kundi la Geto Boys, nalo la Houston, lilitoa albamu yenye picha ya kweli kabisa: mwenzao Bushwick Bill yu juu ya kitanda cha magurudumu katika hospitali, jicho lake limetoka kupigwa risasi, na kitambaa kimeondolewa ili jeraha lionekane. Wenzake wawili wasimama kando yake. Hakuna kilichobuniwa. Bill, aliyefariki mwaka 2019, alisema baadaye kwamba kulitazama jalada lile kulimwumiza, akajuta. Naona gari la uongo ni kosa dogo kuliko jeraha lile la kweli.

Turudi Ruanda. Tuseme fundi amemshauri rafiki yake aache gari, badala yake ampige picha bibi mmoja jirani, uso wake umejaa vumbi jeusi, akikohoa mlangoni kwake. Picha hiyo itawagusa watu. Ni kweli tupu. Lakini uso ule ni wa nani? "Shikamoo bibi, tunaomba picha," naye aitikia "Marahaba, wajukuu zangu," akakaa vizuri kitini, je, ameruhusu? Hajaambiwa kwamba uso wake utauzwa, utaonekana mpaka ng'ambo, na utabaki huko hata akifa. Ruhusa ya mtu asiyejua anachoruhusu ni nusu ruhusa. Mtoto mchanga aliyepigwa picha uchi majini kwa jalada la kundi la Nirvana la mwaka 1991 alipokuwa mtu mzima alikwenda mahakamani mwaka 2021 kudai haki yake. Mahakama na iamue kama inavyoamua. Wazazi na wauone uzito wa kuutoa mwili wa mtoto kwa biashara ya watu.

Kinyume chake, kundi la X Plastaz la Arusha lilipotoa Maasai Hip Hop mwaka 2004, lilikuwa na Mmasai hasa, Yamat Ole Meipuko, akiimba kwa lugha yake na kuvaa vazi la kwao. Aliyetoa alikuwa mwenye mali.

Nisisahau haki ya fundi mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huilinda picha kama inavyoulinda wimbo. Lakini waimbaji wengine wanaolia kwamba wameibiwa nyimbo huchukua picha ya mwenzao kwa asante tu, wala jina lake hawaliandiki.

Basi afanye nini fundi mwenye watoto wa kulisha? Sisemi amfukuze rafiki yake. Aketi naye, asikilize nyimbo zote kumi, kisha amchukue mpaka barabara ya Kitai asubuhi, au juu ya mlima ambako mashimo ya ngoro ya Wamatengo huonekana kama sega la nyuki, ampige picha na shati lake mwenyewe, lori likipita nyuma. Kijana atauliza kama watu watainunua albamu yenye picha ya namna hiyo. Huenda wanunuzi wakapungua. Fundi na amwambie hivyo waziwazi kabla ya kupokea malipo, maana fedha ni za kijana, na jina litakaloandikwa juu ya picha ni lake.