Cha Kitambo ni cha Nani?

Ndugu msomaji, hivi kitu ulichopewa ukitumie kwa muda tu kinakudai nini? Huku kwetu Mchombe, bonde la Kilombero, swali hili si la vitabuni. Kijana asiye na shamba hukodi ekari ya mpunga kwa msimu mmoja: analima, anafukuza ndege akiwa juu ya dungu, anavuna, anarudisha.

Ajabu ni kwamba hata ndani ya kompyuta kuna ukodishaji wa namna hiyo. Chukua Linux katika mashine za biti 32. Kerneli, yaani kiini kinachosimamia mfumo mzima, kwa kawaida iliona moja kwa moja megabaiti 896 tu za kumbukumbu. Kurasa za ziada, kila moja baiti 4096, zilikuwepo, ila kerneli haikuzifikia. Ikiutaka ukurasa mmoja, iliufungulia dirisha, ikasoma au kuandika, halafu ikafunga. Madirisha hayo ya kmap yalikuwa machache, tena ya wote. Yakijaa, anayefuata analala akingoja. Asiyefunga anamuumiza mwenzake. Toleo la 5.11, la mwaka 2021, lilileta dirisha la kazi moja tu. Na aliyefungua mawili lazima aanze kufunga la mwisho, kama mtu anavyoshuka ngazi ya dungu.

Funzo la kwanza ni jepesi: kurasa zilikuwa tele, kilichoadimika ni njia ya kuzifikia. Basi anayeshikilia asichokitumia anadhulumu, hata kama hajaiba kitu.

Lakini tusiishie hapo, jamani. Mtu atasema, "Aliyekodi atulie, kwani hata kerneli inaazima!" La hasha. Kule hakuna mwenye dirisha. Wote huazima, wote hurudisha. Shambani, mmoja anakodi kila mwaka na mwingine hakodi kamwe. Nani atajenga jaruba la maana akijua mwakani si lake?

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kumbe kwa asili sote ni wapangaji! Sawa. Ila upangaji huo utakuwa wa haki pale tu kanuni ya kurudisha itakapomfunga pia mwenye mashamba asiyoyalima. La sivyo, "kwa muda" ni jina la adabu tu la unyonge wa kudumu.